Kisima kilichogeuka chumvi: uchambuzi wa kisa cha maji kisiwani

Kisa hiki nakiandika kwa wenzangu walio kwenye vyama vya watu wa visiwani, sisi ambao kazi na nyumba ziko Mombasa lakini makaburi ya wazee yako ng'ambo, na kila mwaka tunachanga ili tufanye kitu nyumbani. Mimi nilishika hesabu za chama chetu kuanzia 2016 mpaka 2022, kwa hivyo risiti zote zimepita mkononi mwangu na vikao karibu vyote nilikaa. Majina ya watu nimeyatoa, kisiwa sikitaji, na idadi ya nyumba na bei nimezigeuza kidogo ili mtu asijue ni mtaa gani.

Kisiwa chenyewe

Ni kisiwa kidogo kusini ya Mombasa. Ukivuka Likoni unashika njia ya Ukunda na Msambweni, unateremka pwani, unapanda mashua. Ukianza kutembea kichwa kimoja cha kisiwa baada ya alfajiri, jua halijakuwa kali ushafika kichwa cha pili. Gari hakuna. Ardhi yote ni jiwe la matumbawe, lile gumu lenye matundu, na hata kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya jiwe hilohilo. Kama miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko sasa na jiwe hili lilikuwa mwamba hai chini ya maji, kisha bahari ikashuka likabaki kavu. Udongo juu yake mahali pengine haufiki kiganja kwa kina. Mto hakuna, na mvua kubwa ikinyesha jiwe linainywa, nusu saa baadaye uwanja ushakauka kama hapakunyesha.

Mwaka wa kule unakwenda na upepo. Kusi ikianza, Aprili hivi, inakuja na masika, bahari inachafuka na mashua ndogo zinalala. Oktoba mpaka Disemba ni vuli. Halafu kaskazi inashika mpaka Machi, bahari inatulia, wavuvi wanafurahi, na mvua hakuna. Hiyo miezi ya kaskazi ndiyo miezi ya kiu.

Wazee waliishi hapo karne na karne kwa mabirika ya kuwekea maji ya mvua. Lamu wanaita jabia. Kwenye mtaa wetu, wenye kaya kama 60, yalikuweko matatu, yamejengwa kwa jiwe na chokaa, nusu yamezama chini ya ardhi, na maji ya paa yanaletwa na mfereji. La msikitini ndilo linalojulikana zaidi, urefu mita 6, upana 3, kina 2 na nusu, yaani lita 45,000 likijaa. Mwaka 2016 yote matatu yalikuwa na nyufa, moja lilikuwa limejaa majani na vifuu vya nazi. Watu walikuwa wanatumia mapipa ya nyumbani na visima vifupi karibu na pwani ambavyo maji yake ni ya kufulia na kuogea, si ya kunywa.

Kiu ya 2017

Vuli ya 2016 ilikosa. Februari 2017 serikali ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, na sisi Mombasa tulikuwa tunaona picha kwenye grupu la WhatsApp, mama zetu wamepanga mitungi mitupu ufukweni wanangoja mashua ilete maji kutoka bara. Mtungi wa lita 20 ulikuwa unanunuliwa bara shilingi 20, ukivuka unauzwa 60 mpaka 70. Nyumba ya watu sita ilikuwa inakwenda na mitungi mitatu kwa siku, na baba wa nyumba hiyo ni mvuvi ambaye siku nyingine anarudi na vibua vya shilingi mia tatu. Watoto walikuwa wanachelewa chuo cha Kurani na shule kwa sababu ya kungoja mashua.

Tulikaa kikao nyumbani kwa mmoja wetu Mji wa Kale, jioni, watu ishirini na kitu, na kila mtu alikuwa na uchungu. Nasema hivyo kwa sababu uchungu ule ulichangia uamuzi. Hakuna aliyetaka kusikia kuhusu kupiga plasta birika la zamani wakati mamake anabeba mtungi kichwani.

Uamuzi wa kwanza: tuchimbe

Tuliamua tuchimbe kisima kwa mashine, tuweke pampu ya sola na tangi la lita 10,000 juu ya mnara wa chuma. Sababu zilikuwa tatu na wakati ule zote zilionekana nzuri. Kwanza, kulikuwa na mfadhili aliyekubali kulipa nusu, lakini alitaka kitu kipya, ukarabati hakuutaka. Pili, kontrakta alituambia amechimba sehemu nyingi za pwani na maji yapo. Tatu, na hii hatukuisema kwa mdomo lakini ilikuweko, mnara wa chuma unaonekana. Ukishuka mashua unauona. Ufa uliozibwa chini ya ardhi hauoni mtu.

Kisiwani alikuweko mama mmoja mtu mzima, nitamwita Bi T., anauza mahamri na mbaazi za nazi kila asubuhi tangu mimi ni mtoto. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akiangalia birika la msikiti. Tulipokwenda kuonyesha mahali pa kuchimba akaniuliza mtachimba kina gani, nikamwambia mita 12. Akatikisa kichwa akasema, "Mwanangu, hapo chini ni bahari." Nikamjibu kwa heshima kwamba Bi, wataalamu watapima. Hakubishana.

Tulichimba wiki tatu baada ya Idi, Julai 2017. Maji yakatoka, matamu, safi, watu wakapiga vigelegele, na video ile Mombasa nzima iliiona. Kontrakta akapiga pampu masaa matatu, akaonja, tukaonja, akatoa karatasi yake, tukalipa.

Mbaazi hazikuiva

Mwezi wa kwanza ulikuwa neema. Pampu ya sola inafanya kazi kutwa, tangi linajaa mara mbili, watu wakaanza kuoga maji matamu, wengine wakapanda mchicha nyuma ya nyumba. Visima vifupi vya pwani vikaachwa.

Septemba Bi T. alinipigia simu. Hakuniambia maji yana chumvi, aliniambia mbaazi zake haziivi. Kawaida anazitia jikoni usiku na alfajiri ziko laini, sasa imefika saa nne asubuhi bado zinagonga meno, na amebadilisha mbaazi mara mbili akidhani ni kosa la muuzaji. Sabuni nayo haitoi povu, inagandana kama maziwa yaliyokatika. Nikamwambia Bi, maji tumeyapima. Akaniuliza, "Mmeyapima siku gani?"

Swali hilo nililibeba wiki nzima kwenye feri na sikulielewa mpaka nilipokaa na jamaa yangu mmoja aliyesomea mambo ya maji, akanichorea kwenye karatasi ya maandazi. Kwenye kisiwa cha matumbawe maji matamu hayana sakafu yake. Yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyoingia ndani ya jiwe, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito zaidi kidogo. Hesabu yake ni kwamba maji matamu yakisimama mita 1 juu ya usawa wa bahari, chini yake kuna kama mita 40 za maji matamu. Unasikia 40 unafurahi. Lakini kisiwa chembamba chenye jiwe la matundu maji hayasimami mita 1, yanasimama sentimita chache. Chukua sentimita 20, zidisha kwa 40, una mita 8 peke yake. Sasa wewe ukivuta ukashusha maji sentimita 10 tu hapo penye pampu, bahari iliyo chini inapanda mita 4 kukufuata. Uwanja wetu uko kama mita 6 juu ya bahari, tulichimba 12, maana yake mdomo wa pampu ulikuwa mita 6 chini ya usawa wa bahari, ndani kabisa ya ule utando mwembamba.

Na siku tuliyopima ilikuwa Julai, masika yametoka kuisha, maji matamu yako kwenye unene wake wa mwaka mzima. Tena ilikuwa siku za maji mafu, bahari haipandi sana haishuki sana. Kwenye bamvua bahari ya pwani yetu inapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kwenye jiwe la matundu ule mpando unaingia ndani, unasukuma na kuchanganya. Haihitaji mengi, ukitia vikombe 2 vya bahari kwenye vikombe 98 vya maji matamu ulimi ushajua.

Oktoba wenyewe walikuwa wanajua kwamba siku za bamvua usichote ya kunywa. Vuli ikaleta nafuu kidogo. Januari 2018 hata chai ilikuwa hainyweki, na lililoniuma zaidi ni kwamba visima vifupi vya pwani, vile vya kufulia, navyo vikazidi chumvi. Tulikuwa tumevuta akiba ya watu wote kupitia tundu moja.

Kikao cha pili, na hesabu ya paa

Kikao cha pili tulifanyia kisiwani, Machi mwanzo 2018, kwenye uwanja wa msikiti, na mara hii kina mama walikaa ndani ya kikao chenyewe. Hali ilikuwa mbaya. Chikungunya ilikuwa imepiga Mombasa tangu mwisho wa 2017, nusu ya kamati yetu walikuwa wanatembea wameinama kwa maumivu ya viungo, na watu kisiwani walikuwa wanaogopa chombo chochote cha maji kilicho wazi kwa sababu ya mbu.

Mapendekezo yalikuwa matatu. Kontrakta alisema tuongeze kina mpaka mita 40, na wengine walikubali, manake mtu akishatumia pesa nyingi mahali anaona vigumu kuondoka. Nilileta ile karatasi ya maandazi, nikaichora tena kwenye mchanga, na wavuvi walielewa kabla sijamaliza, wao wanajua kina cha bahari inayozunguka kisiwa. Pendekezo la pili ni mashine ya kuchuja chumvi. Hilo tuliliacha si kwa ubaya wake, zipo zinazofanya kazi, lakini tuliulizana chujio likifa nani atalinunua na nani atalibadilisha, kukawa kimya.

La tatu lilikuwa mabirika. Kijana mmoja akasema mvua haitoshi, tumeona 2016. Hapo ndipo tulipofanya hesabu ambayo tungeifanya mwaka mmoja nyuma tungeokoa pesa za watu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Upande wetu wa pwani mwaka wa kawaida unapata kama milimita 1,000. Paa la msikiti ni mabati, mita 12 kwa 9, yaani 108. Toa moja ya tano inayopotea, unabaki na lita 86,400 kwa mwaka kutoka paa moja. Miaka yote ile maji hayo yalikuwa yanadondoka kwenye jiwe.

Halafu upande wa matumizi. Kaya 60, kila kaya mtungi mmoja kwa siku kwa kunywa na kupikia tu, ni lita 1,200. Kaskazi kavu ni kama siku 100. Jumla lita 120,000. Birika la msikiti 45,000, la pili lilikuwa sawa nalo, la tatu 30,000. Nilipojumlisha mbele ya watu ikatoka 120,000 kamili, mzee mmoja akasema, "Babu zetu hawakuwa wanajenga ovyo." Sijui kama walipiga hesabu kama yetu au walijifunza kwa kiu, lakini walijua.

Nikakumbuka safari ya shule tulipopelekwa Fort Jesus. Mle ndani kuna birika la kukusanya maji ya mvua, na kuna kisima kirefu kilichochimbwa baadaye zama za Waomani, na mwongozaji alituambia maji ya kile kisima yalikuwa ya chumvi, ya kufulia tu. Nimepita pale mara ngapi. Hata kisiwa cha Mombasa leo kinaishi kwa maji ya mbali, Mzima kule Tsavo, Baricho mto Sabaki, Marere, Tiwi, na mabomba yakikauka tunanunua kwa mkokoteni. Kisiwa ni kisiwa.

Mchanga wa pwani

Tukaamua mabirika. Uamuzi ulikuwa sawa, utekelezaji wa kwanza ukawa mbovu, na kosa hapa ni letu kamati, si la mtu mwingine. Masika ilikuwa inakaribia, tukakimbizana kuziba birika la msikiti ndani ya siku kumi. Mchanga wa kutoka bara ulikuwa unahitaji mashua na mashua ni pesa, tukachukua mchanga wa ufukweni. Simiti ikakandwa kwa maji ya kile kisima cha chumvi. Na plasta inatakiwa imwagiwe maji matamu siku saba ikauke polepole, lakini nani atamwaga maji matamu ukutani mwezi wa Machi? Hatukumwaga.

Masika ya 2018 ilikuwa kubwa mno, mafuriko yalikuwa Kenya nzima. Birika lilijaa hadi juu. Wiki ya pili likapungua bila mtu kuchota. Ukiweka sikio ukutani upande wa nje ulikuwa unasikia maji yanapenya, sauti ndogo kama mtu anayenong'ona. Mvua ya mwaka ule tuliimwaga.

Agosti tukarudi. Tulimchukua fundi mtu mzima wa Mji wa Kale anayejua kazi ya chokaa, akabandua plasta yetu yote. Akataka mchanga wa bara, akauosha. Ukuta wa ndani akaupiga chokaa tabaka tatu, akausugua kwa jiwe laini la pwani mpaka ukang'aa. Na akataka mitungi 60 ya maji ya kunywa ya kulowesha ukuta kwa siku saba, mitungi iliyoletwa kwa mashua, kwa pesa. Kikao kilikuwa kikali. Mama mmoja alisimama akasema watoto wanalala na kiu halafu ukuta unyweshwe? Tulilipa sisi wa Mombasa nje ya bajeti, watu watano, na nililazimika kwenda nyumba hadi nyumba kueleza. Bila ile mitungi ukuta usingeshika.

Wakati wa kukomba tope chini, vijana waligonga kitu. Lilikuwa bakuli la kauri, la kizamani, limezamishwa kwenye sakafu ya birika, mdomo wake sawasawa na sakafu. Wakataka kuling'oa. Bi T. akaitwa, akachungulia, akasema hilo ni la samaki. Zamani birika lilikuwa na visamaki vidogo vinavyokula funza wa mbu, na maji yakiisha kabisa samaki wanabaki kwenye bakuli mpaka mvua irudi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Lamu pia kwenye mabirika ya nyumba za zamani. Sisi tulikuwa tunaumiza kichwa kuhusu chikungunya na jawabu lilikuwa chini ya miguu yetu limefunikwa na tope. Lakini hatukutegemea samaki peke yao, mdomo wa birika tuliufunga kwa wavu mwembamba na mfuniko wa mbao.

Maji ya kwanza ya vuli

Mabirika mawili yalikuwa tayari kufika vuli ya 2018. Mvua ya kwanza ikanyesha usiku, kila mtu akaamka kuangalia mfereji unavyotiririka. Asubuhi maji yalikuwa ya kahawia na yananuka. Paa lilikuwa na vumbi la kusi yote, kinyesi cha kunguru, majani, na vyote vimeingia. Wiki ile watoto kadhaa waliharisha. Tukamwaga, tukaosha, tukatia dawa ya klorini, na mvua mbili nzuri zilitupita tukiwa bado tunaosha.

Bi T. alisikitika sana, akasema alidhani tunajua. Mumewe alikuwa na kizibo cha jiwe kwenye mfereji, na mvua ya kwanza ya msimu haiingii, inaachwa iende nje mpaka paa lioshwe, ndipo anazibua. Hilo halikuandikwa popote wala halikuwa siri. Lilikuwa kazi ya mtu mmoja, na alipofariki kazi ikafa na yeye.

Ufunguo nao ulileta ugomvi. Kamati ya vijana walikaa nao na wakaanza kuuza mtungi shilingi 10, kwa nia nzuri, ya ukarabati. Lakini mwenye kumi nyingi alikuwa anachota mitano. Januari 2019 tulikaa tena tukabadilisha. Ufunguo ukahamia kwa kina mama watatu, zamu ya wiki, mtungi mmoja kwa kaya kwa siku, bila pesa, na kila kaya inatoa mchango mara moja kwa mwaka wakati wa msimu mzuri wa samaki. Kipimo kikawa fimbo yenye alama za shibiri. Shibiri moja ya birika la msikiti ni kama lita 4,000.

Matokeo

Kaskazi ya 2019 tulikuwa na mabirika mawili, lita 90,000, siku 75. Yaliisha katikati ya Machi, masika ya mwaka ule ikachelewa, watu wakarudi kununua maji ya mashua wiki sita. Walizoea kununua miezi minne. Birika la tatu lilimalizika katikati ya 2019, halafu vuli ikaja nzito kupita kawaida na mvua ikaendelea hadi Januari 2020, mabirika yakafurika. Mwaka huo siuhesabu kama ushindi wetu kwa sababu mvua ile ingejaza hata sufuria.

Mtihani wenyewe ulikuwa vuli ya 2021 ilipokosa. Tuliingia kaskazi mabirika yako nusu. Kina mama wakashusha kipimo tangu Disemba, mtungi mmoja kwa siku mbili, na wenye mapipa ya nyumbani wakajitoa zamu kwa hiari mwezi mzima. Maji ya mashua yaliletwa, lakini si kila siku.

Kisima cha mashine bado kipo. Pampu tuliipunguza, inavuta saa moja tu asubuhi, maji ni ya kuogea na kufua, na visima vifupi vimepunguza chumvi. Mnara wa chuma umeanza kushika kutu.

Uchambuzi

Kosa la kisima wengi wanaliona ni kutomsikiliza mama mtu mzima, na ni kweli, lakini Bi T. naye alisema neno moja akanyamaza kwa sababu tulimjibu kwa heshima ya kumfungia mlango. Kosa kubwa zaidi naliona ni kipimo. Tulipima siku nzuri kuliko zote za mwaka. Kwenye kisiwa cha matumbawe kisima kinapimwa mwisho wa kaskazi, siku ya bamvua, baada ya kuvutwa siku kadhaa mfululizo, na ukimlipa mtu kabla ya hapo umelipia bahati. Kama chama chenu kiko karibu kusaini, simamisheni mpaka Machi.

Uharaka wa Machi 2018 ulitugharimu masika nzima. Nimeangalia risiti, tofauti ya mchanga wa bara na wa ufukweni ilikuwa mashua tatu. Kwa mashua tatu tulipoteza birika zima la maji na plasta yote ikabanduliwa. Bahari ikiingia kwenye simiti haitoki.

Hesabu ya paa ndiyo iliyofanya kazi kuliko kitu chochote, na haikuhitaji mtaalamu, ilihitaji futi kamba na kalamu. Iligeuza ubishi wa watu kuwa namba, na namba zikatuonyesha pia mpaka wetu. Mabirika matatu yanatosha kaya 60 kwa mtungi mmoja. Kaya sasa zinakaribia 80, vijana wanaoa na wanajenga, na nyumba mpya zina mabati lakini hazina mifereji. Hapo ndipo mchango wetu unaofuata uende.

Ufunguo kwa kina mama ulifaulu si kwa sababu wao ni wema kuliko vijana. Wao ndio wanaopika, mtungi ukikosa wanajua saa hiyohiyo, na hakuna anayeweza kumdanganya jirani yake kuhusu idadi ya watu nyumbani. Jambo ambalo bado halijakaa sawa ni kazi ya kizibo. Tumeiandika kwenye ubao msikitini, lakini ubao hauamki usiku mvua ikianza.

Machi 2022 nilivuka kwenda kukagua. Joto lilikuwa linachoma, kaskazi ishakufa na kusi haijaanza, bahari kama kioo. Zamu ilikuwa ya mjukuu wa Bi T., binti wa miaka kumi na tisa, akafungua mfuniko akanipisha nichungulie. Maji yalikuwa yamekaribia chini, na juu ya lile bakuli la kauri visamaki kama kumi vilikuwa vinazunguka. Akateremsha fimbo taratibu asivitibue, akaitoa, akaweka kiganja kwenye unyevu. Shibiri moja na vidole viwili. Akaandika kwa mkaa ukutani chini ya namba ya jana, akafunga, akamwita mwenye mtungi wa kwanza.